Malkia, Makungwi na Vyama vya Lelemama: Wanawake na Asasi Zao katika Historia ya Mwambao wa Kenya

Utangulizi

Tarehe ya Pate, iliyosimuliwa na Muhammad bin Fumo Omari, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, na kuandikwa katika nuskha kadhaa mwanzoni mwa karne ya ishirini, ni mnyororo mrefu wa majina ya wanaume. Sultani humrithi sultani. Vita hufuatwa na suluhu, na suluhu hufuatwa na vita vingine. Katika mnyororo huo limo jina la Mwana Khadija, mwanamke aliyekitawala kisiwa cha Pate kuanzia mwaka 1764 hadi 1773 hivi. Jina hilo hutajwa, utawala wake huelezwa kwa maneno machache, kisha msimulizi huendelea na wanaume waliomfuata.

Wanahistoria wengi wa Mwambao wamelishughulikia jina hilo, na mengine machache yanayofanana nalo, kama jambo la kipekee. Hutajwa ili kuthibitisha kwamba “hata wanawake walitawala”, na baada ya hapo mjadala hufungwa. Mtazamo huo una upungufu wa kimsingi. Unamkubali mwanamke katika historia pale tu anapokalia kiti ambacho kwa kawaida hukaliwa na mwanamume, na hivyo unaziacha nje asasi ambazo wanawake wenyewe waliziunda, waliziongoza na kuzirithisha: malezi ya somo na kungwi, ngoma na vyama vyake, na baadaye vyama vya elimu na haki za kiraia.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba malkia wa Mwambao hawaeleweki vyema bila ya asasi hizo, na kwamba asasi hizo zilidumu kuliko dola zenyewe. Usultani wa Pate umekwisha, na utawala wa Mazrui wa Mombasa uliangushwa mwaka 1837. Lakini mafunzo, nyimbo, vyeo na mitandao ya wanawake viliendelea kuwapo chini ya Busaidi, chini ya Waingereza na baada ya uhuru wa mwaka 1963. Anayetaka kujua jinsi jamii ya Waswahili ilivyojipanga, ilivyowapokea wageni na ilivyoibeba lugha yake, hana budi kuzichunguza asasi hizo kwa uzito uleule anaouchunguza nao ukoo wa masultani.

Majina yaliyomo katika mapokeo

Mapokeo ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji huo kabla ya Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo lililoupa mji jina la Mvita. Wazee wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili yanayojumuisha Taifa Tatu na Taifa Tisa, wamekuwa wakiwahesabu Mwana Mkisi na Shehe Mvita kuwa chimbuko la uenyeji wao. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyeishi hadi mwaka 1840 hivi, alilitia jina la Mwana Mkisi katika ubeti wake alipotaka kuusifu ukongwe wa mji. Hapana shaka kwamba habari za Mwana Mkisi ni mapokeo, si hati. Hata hivyo, mapokeo yana maana yake. Jamii iliyokuwa ikieleza nasaba zake kwa upande wa wanaume iliona inafaa kuuweka mwanzo wa mji mikononi mwa mwanamke. Alipotafuta mzizi wa uenyeji wake, Mmvita hakumtafuta shujaa wa vita peke yake. Alimtafuta pia mama wa mji.

Pate ina mifano miwili. Wa kwanza ni huyo Mwana Khadija, ambaye utawala wake ulikumbwa na mvutano wa pande mbili ndani ya mji. Mfano wa pili ni Mwana Darini, ambaye hakutawala, lakini habari yake hueleza mengi kuhusu mamlaka kuliko habari za masultani kadhaa. Tarehe ya Pate husimulia kwamba Mwana Darini alitaka kumfanyia mwanawe sherehe yenye heshima ya kifalme. Heshima hiyo haikutimia bila ya siwa, yaani baragumu kuu ambalo lilipulizwa katika sherehe za watu wa daraja ya juu. Watawala wakamnyima siwa. Mwana Darini hakulalamika wala hakuahirisha sherehe. Alimwita fundi hodari, Mwenye Bayayi, akamchongesha siwa nyingine ya pembe ya ndovu.

Ili kuuona uzito wa tukio hilo, inafaa kukumbuka kwamba siwa haikuwa ala ya muziki tu. Ilikuwa alama ya dola, na kuipuliza kulikuwa ni kutangaza nani ana haki ya kuheshimiwa hadharani. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, ni miongoni mwa kazi za sanaa zinazostahiwa mno katika Afrika ya Mashariki. Mwana Darini alipoagiza siwa yake, aliutwaa uwezo wa kutangaza heshima kutoka kwa wale waliodhani kwamba ni wao pekee wanaoumiliki. Jambo la kuzingatia ni uwanja alioufanyia kazi hiyo. Hakwenda barazani wala vitani. Alitumia sherehe, yaani uwanja ambao wanawake wa Mwambao waliujua, waliugharimia na kuuendesha. Kwa hiyo hata katika tarehe iliyoandikwa kwa ajili ya masultani, mamlaka ya mwanamke yanaonekana yakipitia katika asasi yake mwenyewe.

Lugha nayo ina sehemu yake katika suala hili. Nomino nyingi za Kiswahili hazibainishi jinsia. Maneno kama vile “mfalme”, “jumbe”, “mwinyi” na “shehe” hayamwelezi msomaji kama mwenye cheo alikuwa mwanamume au mwanamke. Aghalabu ni jina la heshima “Mwana”, litumikalo katika lahaja za kaskazini kwa mwanamke muungwana, ndilo linalofichua jambo hilo. Mtafiti anayesoma orodha za watawala katika tafsiri za lugha za Ulaya, ambazo humlazimisha mfasiri kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, ni rahisi kupotoshwa na uchaguzi wa mfasiri. Kuisoma asili ya Kiswahili ni sharti la kwanza la utafiti wa aina hii.

Somo na kungwi

Asasi ya kwanza inayohitaji kuzingatiwa ni ile ya malezi. Msichana alipovunja ungo, mafunzo yake hayakuachwa kwa mama mzazi peke yake. Alikabidhiwa mwanamke mwingine mtu mzima, ambaye alimfunza usafi, adabu, mambo ya unyumba na namna ya kusema na watu. Mwanamke huyo huitwa somo, na mahali pengine kungwi. Alikuwa pamoja na msichana tena siku za arusi, akamsindikiza katika fungate, na uhusiano wao haukukatika mpaka mmoja wao anapofariki. Neno “somo” lenyewe hubeba maana kadhaa zinazohusiana: mafunzo, mwalimu wa siri, na mtu anayeshiriki jina na mwenziwe. Si bahati kwamba lugha imeziweka maana hizo katika neno moja, kwa kuwa uhusiano huo ulikuwa elimu na udugu kwa wakati mmoja.

Katika miji kama Mombasa, asasi hii ilikuwa pia mahali ambapo tabaka zilikutana. Biashara ya watumwa ya karne ya kumi na tisa ilileta Mwambaoni wanawake wengi kutoka bara, wakiwamo Wayao na watu wa nchi za Ziwa Nyasa. Wanawake hao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na unyago wa kwao, nyimbo, ngoma na mafumbo yake. Baadhi ya mambo hayo yaliingia katika mafunzo ya wasichana wa mjini, na mwanamke wa asili ya kitumwa aliweza kuwa kungwi mwenye kuheshimiwa. Hivyo basi, yule aliyeingia mjini kwa nguvu akiwa hana ukoo wala jina alikuja kuwa mwalimu wa wale waliomwona hana ukoo wala jina. Hayo hayakuuondoa utumwa, wala hayakuifuta dharau ya waungwana. Lakini yanaonyesha kwamba utamaduni unaoitwa wa Kiswahili haukushuka kutoka juu kwa waungwana tu. Sehemu yake kubwa ilifunzwa na wanawake waliokuwa chini.

Ni katika muktadha huo wa malezi ambapo utendi mashuhuri wa Mwana Kupona binti Msham unapaswa kusomwa. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, shehe wa Siyu ambaye aliupinga kwa silaha utawala wa Sayyid Said bin Sultan, na ambaye alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alitunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo umesomwa kwa muda mrefu kama waraka wa utiifu wa mke kwa mumewe. Ulipochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, jina lililopewa chapa hiyo liliukazia wajibu wa mke. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliuhoji usomaji huo, akaonyesha kwamba lugha ya utendi ina tabaka za maana ambazo msomaji wa juujuu hawezi kuziona.

Pasi na kuingia katika undani wa mjadala huo, jambo moja ni dhahiri. Mwana Kupona anazungumza kama somo. Anamtaka binti aketi karibu, alete wino na karatasi, na asikilize. Anafunza ibada, adabu mbele ya watu wa daraja zote, mwenendo wa nyumbani na dua. Mwishoni anawageukia wanawake wengine pia, na anajitaja kuwa mtunzi. Mafunzo ambayo kwa kawaida yalikuwa ya siri na ya mdomo yametiwa katika bahari ya utendi, ambayo ilikuwa bahari ya mashujaa na mitume. Mjane wa shehe aliyepigana na sultani hakuwa na jeshi la kumwachia binti yake. Alimwachia asasi, ikiwa katika maandishi. Asasi hiyo ndiyo iliyobaki, kwa kuwa utendi huo unasomwa mpaka leo, ilhali uhuru wa Siyu ulikwisha katika karne ileile.

Lelemama: ngoma yenye vyeo

Mwaka 1895 Mwambao ulitiwa katika himaya ya Uingereza, na mwaka 1907 hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika Mwambao wa Kenya. Sheria iliweza kumtamka mtu kuwa huru, lakini haikuweza kumfanya mwenyeji. Swali la nani ni Mmombasa, nani ni muungwana na nani ni mtu wa kuja liliendelea kuulizwa misikitini, arusini na mitaani. Kwa upande wa wanawake, swali hilo lilijibiwa kwa kiasi kikubwa katika uwanja wa ngoma, na hasa ngoma ya lelemama.

Lelemama ilichezwa na wanawake waliovaa sare, wamejipanga safu moja, wakitikisa mikono na mabega kwa utaratibu, huku wimbo ukiongozwa na kupokewa. Kwa mtazamaji wa nje ilikuwa burudani. Kwa wachezaji ilikuwa chama. Kila kundi lilikuwa na uongozi wake, ngazi za vyeo, michango na kanuni. Vyeo hivyo havikupatikana kwa nasaba peke yake. Mwanamke aliyetaka kupanda ngazi alipaswa kuwalisha wenziwe, yaani kuandaa karamu kwa gharama yake na kuwaonyesha wanachama kwamba anaweza kubeba wajibu wa cheo anachokitaka. Katika utaratibu huo mwanamke mwenye bidii na wafuasi aliweza kupata heshima ambayo nasaba ilimnyima.

Kazi za chama zilikuwa nyingi. Mwanachama aliyefiwa alisaidiwa, na mwenye arusi alikusanyiwa nguvu. Nyimbo zilikuwa mahakama ya mtaa: aliyevunja mwiko au kumkosea mwenziwe alijikuta anaimbwa kwa mafumbo, na wote wakajua ni nani anayekusudiwa. Mashindano baina ya vyama yaliugawa mji mzima. Ushindani wa Banu Saada na Ibinaal Watan mjini Mombasa ulikuwa mkali kiasi kwamba familia ziligawanyika kwa ajili yake. Kila upande ulitafuta kuushinda mwingine kwa sare, kwa karamu na kwa ukali wa nyimbo.

Ni lazima pia kuitaja kasoro ya asasi hii. Mashindano yaligharimu fedha nyingi, na baadhi ya familia ziliingia katika madeni. Wanavyuoni waliopenda mageuzi, akiwamo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, walizikemea mila za israfu. Isitoshe, lelemama haikuyaondoa matabaka. Ilikuwa ngazi, na ngazi humpandisha mtu bila ya kuibomoa ghorofa. Waungwana na wazao wa watumwa walikutana katika vyama, lakini kumbukumbu ya nani alikuwa mtoto wa nani haikusahauliwa. Thamani ya lelemama kwa mwanahistoria ni kwamba inaonyesha jinsi mji ulivyobishana juu ya uenyeji wake, na jinsi wanawake walivyokuwa mstari wa mbele katika ubishi huo.

Mfano wa jirani: Mekatilili wa Menza

Nguvu ya ngoma kama asasi haikuwa ya miji ya Waswahili peke yake. Nyuma ya Malindi na Mombasa waliishi Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Mijikenda ambayo yalihusiana na Waswahili kwa biashara, utani, ndoa na vita kwa karne nyingi. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliongeza shinikizo la kodi na la kuwapata vijana wa Kigiriama wa kufanya kazi. Aliyesimama kuipinga alikuwa mjane, Mekatilili wa Menza.

Namna alivyowakusanya watu inastahili kuangaliwa kwa makini. Mekatilili hakuwa na cheo katika serikali, wala hakuwa mzee wa kambi. Alipita vijijini na ngoma ya kifudu, iliyochezwa katika maombolezo, na ngoma hiyo ikawa njia ya kuwakutanisha watu na kuwahutubia. Katika mkutano mkubwa wa mwaka huo watu walikula viapo vya kutoshirikiana na serikali. Wanaume walikula kiapo cha fisi, na wanawake walikula kiapo chao wenyewe, mukushekushe. Kuwapo kwa kiapo cha wanawake ni ushahidi kwamba wanawake wa Kigiriama walikuwa na asasi yenye uwezo wa kuwafunga wanachama wake kwa ahadi nzito, tena asasi iliyotambuliwa na jamii nzima. Mekatilili aliikuta tayari, akaipa kazi mpya.

Mekatilili alikamatwa mwaka huohuo pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii, magharibi mwa nchi. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Mekatilili alikamatwa tena, akaja kurejea kwao mwaka 1919. Historia ya kitaifa ya Kenya sasa humtaja kama shujaa, na ni haki yake. Lakini akitajwa peke yake, pasi na kifudu na mukushekushe, hurudiwa kosa lilelile la Mwana Khadija: mwanamke hugeuzwa kuwa ajabu, na asasi iliyombeba hupotea.

Kutoka uwanja wa ngoma hadi hati ya maombi

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini suala la elimu ya wasichana lilijitokeza kwa nguvu mjini Mombasa. Wapo wazazi waliohofia kwamba shule za serikali na za wamisheni zingewaondoa watoto katika dini na adabu. Wapo wanavyuoni, Sheikh al-Amin akiwa miongoni mwao, waliosema kwamba kumwelimisha msichana ni wajibu wa Kiislamu na kwamba ujinga wa wanawake ni hasara ya umma mzima. Shule ya wasichana ya serikali ilipopatikana, elimu ya somo haikufa, bali iligawana kazi na darasa. Kalamu, ambayo Mwana Kupona aliishika kama mtoto wa ukoo mkubwa, ilianza kuwafikia wengi.

Matokeo ya jambo hilo yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanawake wa Kizungu nchini Kenya walikuwa na haki ya kupiga kura tangu mwaka 1919, na wanaume Waarabu wa Mwambao walikuwa wakimchagua mwakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria tangu miaka ya 1920. Wanawake wa jamii hiyo waliachwa nje. Ubaguzi huo haukutoka kwa Mwingereza peke yake. Ulikubaliwa na wanaume waliojinasibu kuwa wasemaji wa jamii. Wanawake wa Mombasa waliupinga kwa njia ambayo dola ya kikoloni iliielewa: walitia sahihi zao katika maombi na kudai haki ya kura.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo vilianzishwa vyama viwili vya wanawake Waislamu mjini Mombasa, kimoja cha taasisi na kingine cha utamaduni. Vyama hivyo vilishughulikia elimu, mafunzo, misaada na uwakilishi wa wanawake mbele ya serikali. Kwa juu vilifanana na vyama vya kisasa vya mahali popote: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kumbukumbu za mikutano. Lakini ukitazama kwa ndani, uzoefu ulioviendesha ulikuwa wa zamani. Wanawake waliojua kukusanya michango ya karamu walijua pia kukusanya michango ya shule. Waliozoea kuwahamasisha wanachama wa mitaa mbalimbali kwa ajili ya mashindano walijua namna ya kuzijaza kumbi za mikutano. Hata ule ushindani wa pande mbili, uliojulikana sana katika lelemama, ulijitokeza tena baina ya vyama hivi. Margaret Strobel, aliyefanya utafiti Mombasa katika miaka ya 1970, aliieleza safari hiyo kuwa ni kutoka lelemama hadi ushawishi wa kisiasa. Utafiti wake unaonyesha kwamba siasa ya kisasa ya wanawake wa Mombasa haikuletwa na meli. Iliota katika udongo uliokuwa umelimwa na nyanya zao.

Suala la vyanzo

Yote hayo yanamrudisha mtafiti katika suala la vyanzo. Tarehe za miji ziliandikwa au kusimuliwa na wanaume wa koo za kifalme kwa ajili ya kuthibitisha haki za koo hizo. Nyaraka za kikoloni ziliandikwa na maofisa ambao aghalabu walizungumza na wazee wa kiume. Anayetegemea vyanzo hivyo viwili tu atawapata wanawake wachache mashuhuri na hataziona asasi zao.

Mfano wa njia nyingine ni kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo wanawake watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanaeleza maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Wametoka katika daraja tofauti za jamii, na kwa sababu hiyo ngoma na arusi zilezile huonekana tofauti katika masimulizi yao. Anayekumbuka nyumba yenye watumwa na anayekumbuka wazazi wa asili ya kitumwa hawawezi kuisimulia heshima kwa namna moja. Tofauti hizo si dosari za ushahidi. Ndizo ushahidi wenyewe. Kuwapo kwa nuskha ya Kiswahili nako kuna faida kubwa kwa wataalamu wa lugha, kwa kuwa msamiati wa malezi, ngoma, vyeo na mapishi ya karamu umebaki katika umbo lake, badala ya kupotelea katika tafsiri.

Kazi kama hiyo ina wakati wake. Lelemama ilikuwa imefifia kufikia miaka ya 1970, na waliokuwa na vyeo katika enzi yake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni mabinti na wajukuu wanaokumbuka nyimbo bila ya kukumbuka aliyekusudiwa, au wanaotunza sare sandukuni bila ya kujua cheo kilichoendana nayo. Wimbo wa mafumbo ukikosa mtu wa kuufumbua hubaki maneno matupu. Idara za Kiswahili, ambazo kwa miongo mingi zimekusanya tendi na mashairi ya wanaume mashuhuri, zina wajibu wa kuzifikia kumbukumbu hizo kwa taratibu zinazowaheshimu wenyewe, wakiwamo wale wasiopenda siri za unyago zianikwe. Si kila kinachoweza kurekodiwa kina ruhusa ya kuchapishwa.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilitenga viti 47 katika Bunge la Taifa kwa wanawake, kila kaunti ikichagua mmoja, na hivyo Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta kila moja ina mwakilishi wake. Mara nyingi viti hivyo huzungumzwa kana kwamba vimewafungulia wanawake wa Pwani mlango wa maisha ya umma kwa mara ya kwanza. Ushahidi uliotolewa hapa unakataa dhana hiyo. Wanawake wa Mwambao walikuwa na umma wao, wenye viongozi, kanuni, hazina na lugha ya kuhukumiana, muda mrefu kabla ya sanduku la kura. Kilichokosekana ni dola iliyokubali kuuona umma huo.

Kwa mwanafunzi wa historia na fasihi ya Kiswahili, funzo lililo wazi zaidi ni la utaratibu. Anapokutana na jina la mwanamke katika tarehe, katika utendi au katika faili la serikali, asitosheke kuuliza alitawala wapi na kwa miaka mingapi. Aulize pia alifunzwa na nani, alicheza na kundi gani, nani alimlisha na nani alimwimba. Majibu ya maswali hayo hayamo katika orodha za masultani. Yamo katika maneno ambayo lugha yenyewe imeyahifadhi, na katika vinywa vya wale ambao bado wanajua kuyaeleza.